Je, Taa Kuukuu za Barabarani Zitakuwa Mali Miaka Thelathini Ijayo?

Swali: Msomaji wetu wa Mombasa anaandika: "Mtaani kwetu zile taa za zamani zenye mwanga wa rangi ya machungwa zimeng'olewa na mahali pake zimewekwa za LED. Muuza vyuma chakavu mmoja ana vichwa arobaini na sita vya taa hizo, pamoja na nguzo mbili nzito za chuma zenye nakshi ya majani chini, ambazo anasema zililala ghalani miaka mingi. Anauza vyote kwa kilo. Babu yangu alikuwa na kasha la Kizanzibari ambalo familia ililiuza kwa bei ya kutupa, na leo makasha kama lile yanapambwa mahotelini kwa bei ya kutisha. Nisingependa kosa lile lijirudie. Je, ninunue mzigo wote niuweke kwa ajili ya wanangu?"

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na lile unalolisubiri: usinunue mzigo wote. Nunua nguzo zote mbili, endapo muuzaji ataweza kukuonyesha kwa maandishi alikozipata, na katika vile vichwa arobaini na sita uchague vitatu, au vinne vikizidi, ambavyo havijachokolewa. Vilivyobaki viache viende kwa kilo. Sababu zangu ni ndefu kidogo, nami nitazieleza kwa ukamilifu, kwa kuwa maswali ya namna hii yamekuwa mengi tangu miji ilipoanza kubadilisha taa, na karibu yote hujengwa juu ya wazo lile lile, kwamba kitu kikishachakaa na kuadimika basi bei yake haina budi kupanda.

Kasha la babu yako si kipimo kizuri cha jambo hili. Kasha lilitengenezwa kwa mkono, likapigiliwa misumari ya shaba kwa mpangilio ambao fundi mwingine asingeurudia vile vile, kisha likaingia chumbani na kukaa na watu, likahifadhi kanga za harusi na hati za mashamba. Taa ya barabarani ilitoka kiwandani kwa maelfu, ikapandishwa mita nane au kumi juu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeitazama uso kwa uso isipokuwa fundi aliyepanda kubadilisha balbu na ndege waliojenga viota juu yake. Ikishushwa chini, mtu hushangaa kuona jinsi ilivyo kubwa, na hushangaa zaidi akitafuta pa kuiweka sebuleni.

Kipimo kilicho karibu zaidi ni vibanda vyekundu vya simu vya Uingereza. Kile kinachojulikana kama K6 kilisanifiwa na Giles Gilbert Scott mwaka 1935, na viliwekwa vipatavyo 60,000 nchini humo. Vilipoanza kung'olewa kwa wingi katika miaka ya 1980, vingi viliishia kwenye viwanja vya vyuma chakavu, na watu walivinunua kwa fedha kidogo. Leo kibanda kimoja kilichokarabatiwa vizuri huuzwa kwa maelfu ya pauni, ingawa si kitu adimu hata kidogo. Kilichovipa bei ni mambo matatu yaliyokutana: vimeundwa kwa chuma cha kusubu kinachovumilia karne nzima, mtu yeyote huvitambua kwa kuvitupia jicho mara moja, na mnunuzi anaweza kuvipa kazi mpya, iwe bustanini, kwenye baa au mlangoni mwa hoteli. Kumbuka mambo hayo matatu unapoutazama mzigo wa muuzaji wako. Nguzo zako zina la kwanza na la tatu, na pengine la pili kwa watu wa mji wako. Vichwa vya taa, vikiachwa vilivyo, havina hata moja lililo kamili.

Mfano mwingine unatuhusu moja kwa moja kwa kuwa ni wa taa zenyewe. Desemba 2000, msanii Chris Burden aliona nguzo kuukuu za taa katika soko la Rose Bowl, kule Pasadena, California, akazinunua bila ya kuwa na mpango maalumu. Aliendelea kukusanya hadi akawa na mamia, na mwaka 2008 nguzo 202, nyingi zikiwa ni za miaka ya 1920 na 1930, zilisimamishwa kwa safu mbele ya jumba la sanaa la LACMA, Los Angeles, kwa jina la "Urban Light". Tangu hapo pamekuwa mahali ambapo maharusi na wageni hupigia picha usiku na mchana. Angalia, hata hivyo, alichokusanya: nguzo za chuma cha kusubu zenye mifereji, majani na maua, zilizotengenezwa enzi ambazo mji ulitaka taa yake ipendeze hata mchana ikiwa imezimwa. Mwaka 2018 balbu zote za kazi hiyo zilibadilishwa zikawa LED, na thamani yake haikupungua, jambo linaloonyesha kwamba katika nguzo za aina hiyo mali imo katika umbo wala haimo katika chanzo cha mwanga.

Kwa vichwa vyako mambo ni kinyume chake, na hapa ndipo inapobidi kutofautisha vizazi vya taa, kwa sababu soko halizitazami taa zote kwa jicho moja.

Taa za gesi ndizo mama wa zote. London ilionyeshwa taa za gesi barabarani Pall Mall mwaka 1807, na hadi leo mji huo umebaki nazo zipatazo 1,500, kadhaa zikiwa zimeingizwa katika orodha ya vitu vinavyolindwa kisheria baada ya wananchi kupinga zisigeuzwe kuwa za umeme. Berlin imebakiwa na maelfu, nyingi kuliko mji mwingine wowote. Kandili za gesi za shaba, hasa zenye kibati cha mtengenezaji kama William Sugg wa London, zimekuwa na wanunuzi kwa miaka mingi, na sitarajii wapungue. Hata hivyo, mwenye kuweka akiba yake huko akumbuke kwamba kila Berlin inapozima mtaa mmoja wa gesi, kandili nyingine zinaweza kuingia sokoni.

Kizazi cha pili ni taa za balbu za kawaida zenye kofia ya bati lililopakwa enameli, kijani juu na nyeupe chini, ambazo wengi wa rika langu tunazikumbuka stesheni za reli, bandarini na kwenye viwanja vya maghala. Hizi zimekwisha kufika zilikokuwa zikienda. Mitindo ya mikahawa yenye sura ya kiwanda ilizipandisha bei Ulaya tangu miaka ya 2000, na tatizo lake sasa ni kwamba nakala mpya zinatengenezwa kwa wingi kiasi kwamba mnunuzi asiye na uzoefu hawezi kuzitofautisha na za asili. Ukibahatika kukuta moja kwenye rundo la muuzaji wako, hata ikiwa imebanduka enameli pembeni, ichukue kabla ya kichwa chochote cha hizo taa zako za machungwa.

Kisha zikaja taa za zebaki zenye mwanga mweupe wa kibuluu. Hizi sheria imezifanya kuwa historia kwa haraka: Marekani ilizuia kutengeneza na kuingiza choki zake (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye balbu) kuanzia Januari 2008, Umoja wa Ulaya ukaziondoa balbu zake sokoni mwaka 2015, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza balbu za zebaki za shinikizo kubwa kwa matumizi ya kawaida. Matokeo yake ni kwamba Marekani wapo wakusanyaji wanaotafuta miundo maalumu ya miaka ya 1950 na 1960, kama ile ya Westinghouse iliyoitwa Silverliner, na wanailipia vizuri ikiwa na kioo chake, choki yake na kibati chake. Kikundi hicho ni kidogo. Soko la watu wachache hupanda haraka wawili wakishindania kitu kimoja, na huanguka haraka vile vile mmoja wao akifariki na warithi wake wakauza vyote kwa siku moja.

Taa za sodiamu ya shinikizo la chini, zile za njano tupu ambazo chini yake gari jekundu na la kijani huonekana rangi moja, zilianza kumulika barabara za Uholanzi na Uingereza mwaka 1932. Zilienea sana Uingereza, na mji wa San José huko California ulizipenda kwa sababu wanaastronomia wa Lick Observatory, kituo cha kutazamia nyota kilicho jirani, waliweza kuuchuja mwanga wake kwa urahisi. Watengenezaji wakubwa wamekwisha kuziacha. Katika kundi hili kitu cha thamani ni balbu yenyewe, ile ndefu yenye bomba la umbo la herufi U ndani yake. Kichwa bila balbu ni sanduku.

Vyako, kwa jinsi unavyoueleza mwanga wake, ni vya kizazi kilichofuata, yaani sodiamu ya shinikizo kubwa, iliyoingia barabarani katika miaka ya 1960 na kutawala dunia nzima kwa karibu nusu karne. Hapo ndipo penye ugumu. Los Angeles peke yake ilibadilisha taa zipatazo 140,000 kati ya mwaka 2009 na 2013, na huo ni mji mmoja wa nchi moja. Kila mji unaofanya hivyo unaangusha maelfu ya vichwa vinavyofanana na vyako kama pacha, na mkusanyaji wa Manchester au Chicago anayetaka kimoja hana haja ya kulipia meli itoke Kilindini.

Wapo wanaojibu kwamba kwa kuwa vyote vinayeyushwa, vitaadimika vyenyewe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nami siipuuzi. Gamba la alumini linaenda tanuruni, choki inapasuliwa ili itolewe shaba, na kioo kinavunjwa palepale uwanjani, hivyo kichwa kamili chenye viungo vyake vyote huwa adimu mapema kuliko watu wanavyodhani. Lakini uadimu bila mtu anayekutamani ni upweke tu. Hamu ya vitu vya aina hii huamka pale watoto waliocheza chini ya mwanga ule wanapofikia umri wa kuwa na nyumba na fedha za kuchezea. Waliosomea mitihani yao chini ya nguzo ya barabarani, au waliokaa barazani Mombasa usiku wakicheza karata chini ya rangi ile ya dhahabu, wengine leo hawajafika hata miaka thelathini. Watakachokitamani ni mwanga wenyewe, ule wenye joto la rangi la Kelvin 2,000 hivi, unaoanza kwa mng'ao hafifu na kuchukua dakika kadhaa hadi ukolee. Kwa hiyo kichwa kitakachokuwa na bei ni kile kitakachowaka. Ukiniuliza fedha ya vile vichwa vilivyobaki uipeleke wapi, ningekuambia ununue balbu mpya za sodiamu za akiba, wati 70 na wati 150, zikiwa ndani ya maboksi yake, maana muda utakuja ambapo vichwa vitapatikana na balbu hazitapatikana.

Kuna jambo moja linaloweza kukipa kitu chako nafasi ambayo cha Chicago hakina, nalo ni historia ya kwetu. Simulizi ya umeme wa Kenya huanzia mwaka 1875, Seyyid Barghash wa Zanzibar alipopata jenereta ya kuangazia kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua jenereta hiyo, na ikazaliwa kampuni ya umeme na taa ya Mombasa. Mwaka huo huo Wajerumani walianza kutoa umeme Dar es Salaam. Mwaka 1922 kampuni za Mombasa na Nairobi ziliunganishwa na kuwa East African Power and Lighting, jina lililodumu hadi mwaka 1983. Hivyo kifaa chochote chenye herufi EAP&L kilichogongwa, kusubiwa au kuandikwa kwenye kibati kimetoka ndani ya miaka hiyo 61, na kwa mwenye hoteli ya Mji wa Kale au mkusanyaji wa Nairobi kibati hicho kina uzito kuliko taa yenyewe. Taa nyingi za mitaani zilikuwa mali ya mabaraza ya miji, kwa hiyo tafuta pia alama za baraza na namba za nguzo. Usikubali muuzaji azipige brashi ya chuma ili "zing'ae".

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niweke sharti mwanzoni. Taa ya barabarani ni mali ya umma hadi mwenye mamlaka atakapoiuza. Unakumbuka kwamba Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kutokana na uharibifu wa miundombinu ya umeme, na kwamba marufuku hiyo iliondolewa Mei mwaka huo. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 yenyewe ipo na inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Maneno kwamba nguzo "zililala ghalani miaka mingi" si hati. Omba nakala ya barua ya mnada au risiti ya kuuziwa vifaa vilivyoondolewa, na kama hana, nenda ofisi ya kaunti inayohusika na taa uulize kabla ya kulipa. Mbali na aibu ya kukutwa na mali ya wizi, kuna hesabu ya biashara: nyumba za minada za maana nje ya nchi huuliza kitu kimetoka wapi, na kisicho na jibu huuzwa kwa bei ya chuma, ikiwa kitapokelewa. Ukija kutaka kusafirisha nguzo nje, ulizia pia kibali kwa mamlaka ya mambo ya kale, kwani nguzo za kikoloni zinaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya urithi wa mji.

Ukienda kuzitazama, chukua sumaku. Nguzo nyingi za nakshi zinazouzwa leo ni za alumini iliyosubiwa kwa kuiga za kale, na sumaku haizishiki. Hata ikiwa ni chuma, ipitishe taratibu juu ya nakshi yote. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mkono wa taa wenye mizunguko ya maua, nikauona mzima kabisa chini ya rangi mpya nyeusi; nilipofika nyumbani na sumaku ndipo nikagundua kwamba robo ya maua yale ilikuwa puti ya kuzibia mabodi ya magari. Chuma cha kusubu kilichopasuka kinaweza kuungwa, ila kazi hiyo ni ya fundi mzoefu na gharama yake mara nyingi huzidi bei ya kununulia. Rangi ya zamani iache. Huenda ina risasi, usiikwangue bila barakoa wala usiipige mchanga, na isitoshe tabaka zake ndizo ushahidi wa umri.

Katika vichwa, fungua kila kimoja. Kinachofaa kuchaguliwa kina choki, kapasita, iginita (kiwashio cha balbu), soketi isiyo na ufa, kiakisi ambacho hakijatoboka, na bakuli la kioo. Chenye bakuli la plastiki lililopauka na kuwa na rangi ya chai kiache, kwani halirudi. Kapasita za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 huenda zina mafuta yenye sumu ya PCB, hivyo inayovuja usiishike kwa mikono mitupu, na kitambaa kinachofanana na pamba ngumu kuzunguka nyaya za taa za kale sana kinaweza kuwa asbesto. Balbu zako za sodiamu zina zebaki kidogo ndani yake, kwa hiyo zihifadhi mbali na watoto. Usijaribu kuziwasha mwenyewe kwa waya wa ukutani, maana iginita hutoa mapigo ya maelfu ya volti. Mwite fundi umeme.

Hewa ya chumvi ya Mombasa ni adui wa pekee, kwa sababu boliti za chuma zilizofungwa ndani ya alumini huanza kulana, na baada ya miaka michache kifuniko hakifunguki tena bila kuvunjika. Zifungue, zipake grisi, zirudishe. Weka vichwa juu ya mbao mbali na sakafu, usivifunge kwa nailoni inayozuia unyevu kutoka. Nguzo zilale juu ya magogo mahali penye paa, au bora zaidi zisimamishe uani na uzitumie. Nguzo inayowaka nyumbani kwa mtu huharibika polepole kuliko iliyosahauliwa. Fikiria sasa kufanya yote haya kwa vichwa arobaini na sita kwa muda wa miaka thelathini, na pango la chumba cha kuviweka.

Kuna swali hukuniuliza, nami naligusia kwa kuwa linanichekesha: huenda wajukuu wako wakatafuta zaidi taa za LED za kwanza kuliko hizi za sodiamu. Mnamo mwaka 2021 na baada yake, miji kadhaa ya Marekani ilishuhudia taa mpya nyeupe zikigeuka zambarau, kwa sababu tabaka la fosfori linalobadilisha mwanga wa buluu kuwa mweupe lilibanduka. Zikaanza kubadilishwa, na kasoro iliyodumu muda mfupi ndiyo kitu ambacho wakusanyaji wa stempu na sarafu wamekuwa wakikilipia siku zote.

Kuhusu bei, kwa nguzo lipa bei ya kilo na nyongeza ya wastani ukipewa hati. Kwa vichwa vinne usilipe zaidi ya mara mbili ya bei ya kilo, na uihesabu fedha hiyo kuwa imekwisha kutumika. Kisha, kabla mtaa haujasahau, piga picha mahali taa zilipokuwa, andika jina la barabara, tarehe ya kung'olewa na namba ya nguzo, na umtafute mmoja wa mafundi waliokuwa wakizihudumia akusimulie zilivyowekwa. Karatasi hiyo itie ndani ya bahasha na uifunge ndani ya kichwa chenyewe, juu ya choki, mahali ambapo atakayekifungua lazima ataiona.